Mpiga Ngoma Hubaki Kufunga Mlango

Bendi yetu ilipiga muziki kwa miaka ishirini na minne bila kumaliza wimbo hata mmoja. Sitii chumvi. Tulianza nyimbo nyingi na tulizianza vizuri, na katikati tulikuwa moto wa kuotea mbali, hilo nalisema mwenyewe kwa kuwa wenzangu wana haya. Mwisho tu ndio hatukuwa nao. Mjomba hakutupa.

Mjomba, kaka yake mama, alipenda soul na funk kuliko alivyopenda watu. Kila Jumapili mchana aliweka redio juu ya kiti kimoja na kinasa sauti juu ya kiti cha pili, vikitazamana kama wachumba, akatufukuza chumbani, akarekodi. Mtangazaji wa kipindi kile alikuwa na tabia ya kudakia wimbo kabla haujaisha, na Mjomba hakutaka sauti ya mtu yule kwenye kanda yake. Kwa hiyo, kama nilivyokuja kujua ukubwani, alimwahi. Wimbo ukikaribia ukingoni, aliipunguza redio taratibu, taratibu, mpaka kimya. Juu ya kanda aliandika kwa kalamu nyekundu: USIFUTE. Alipohamishwa kikazi akatuachia kanda hiyo, na hakuacha maelezo.

Mimi nilikuwa na miaka saba, Kaka kumi na mmoja. Tuliisikiliza mpaka ikaanza kukoroma. Siku moja nikamwuliza kwa nini kila wimbo unafifia vile. Kaka hajawahi kukosa jibu maishani mwake; asipolijua hulitunga.

"Wanaondoka," akasema. "Wanatembea kinyumenyume huku wanapiga, mpaka wanafika nje."

"Wote?"

"Wote."

"Na mpiga ngoma? Ngoma zake atazibebaje?"

Akafikiri kidogo.

"Mpiga ngoma anabaki kufunga mlango."

Niliishi na jibu hilo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Tulipokuwa wakubwa tukaanzisha bendi, tukaiita Usifute. Kaka alikuwa mwimbaji. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na sauti yake ilikomaa huko, kwa kuita kwenye mageti ya watu wasiotaka kufungua. Gitaa la besi alipiga Mwalimu, wa hisabati, ambaye alihesabu mapigo kwa midomo hata akiwa usingizini, kwa ushahidi wa mkewe. Gitaa lile jingine alipiga Fundi Redio, ambaye alilitengeneza mwenyewe na halikuwahi kufanana na gitaa. Tarumbeta na saksafoni walikuwa Mashemeji, wanaume wawili waliooa mtu na dada yake, wakagombana mwaka wa kwanza wa ndoa, na tangu hapo hawakusemeshana ila kwa vyombo. Ndiyo maana vipande vyao vilikuwa vitamu. Ukisikia tarumbeta inauliza na saksafoni inajibu kwa ukali, ujue wanazungumzia mambo ya nyumbani.

Ngoma nilipiga mimi. Mimi ni fundi cherehani, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na mguu wangu wa kulia ulikuwa ukienda kutwa nzima bila kuombwa. Kaka alikaa kibandani kwangu siku moja akinitazama nikipinda suruali, akasema, "Mguu huo unapotea bure." Ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa. Jina wakanibandika Sindano.

Kaka alikuwa na somo moja tu na alitufundisha hilohilo miaka yote: pigo la kwanza. Katika kila mapigo manne, alisema, la kwanza ndiyo nyumba, matatu yaliyobaki ni kwenda dukani na kurudi. Mtu akipotea njiani hatumlaumu, mradi arudi nyumbani kwa wakati. Tulifanya mazoezi kwenye stoo ya Fundi Redio, katikati ya televisheni zilizofunuliwa migongo, mpaka tukawa tunaangukia pigo la kwanza watu sita kwa mara moja, na vioo vya dirisha vikiitikia.

Onyesho la kwanza lilikuwa harusi ya karani wa ofisi ya maji, saa tisa mchana, ukumbi wa shule. Wimbo wa kwanza ulipokaribia ukingoni tukafanya tulichofundishwa na kanda. Tukapunguza. Kisha wenzangu watano wakaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlango wa nyuma, hatua kwa hatua, bila kukosa pigo. Kaka alikuwa na waya wa kipaza sauti wenye urefu wa mita thelathini, alioagiza kwa ajili hiyo tu. Shemeji Mdogo akaingia kwa mgongo kwenye meza ya zawadi, akajikaza, akaendelea kupuliza. Mlango ukawameza mmoja mmoja. Nikabaki peke yangu mbele ya watu mia mbili, nikipapasa ngoma kwa ncha za vijiti, nikipunguza, nikipunguza, mpaka hata mimi nikawa sijisikii.

Ukumbi ulikuwa kimya. Baba wa bibi harusi akamwuliza aliyekaa naye, "Wameudhika?"

Kisha mlango ukafunguliwa, wakarudi, tukaanza wimbo wa pili. Tulifanya hivyo mara kumi na moja. Kufikia wimbo wa nne watu walishaelewa. Kufikia wa saba bwana harusi mwenyewe alikuwa akirudi kinyumenyume nasi. Wiki iliyofuata tukaitwa kwenye harusi tatu.

Hapo ndipo mambo yalipotunyookea. Kaka alitunga wimbo akiwa kazini, ukaitwa "Fungua Geti", na kwa miaka mitatu hukuweza kunyolewa wala kusukwa popote bila kuusikia. Tulipiga kwenye viwanja vya mpira, kwenye mahoteli, kwenye ufunguzi wa kiwanda cha matofali. Nilishona makoti yetu ya satini ya zambarau na suruali ambazo mguu mmoja ungetosha sketi ya mtu mzima. Mabango yaliandika: USIFUTE, BENDI ISIYOKWISHA. Watazamaji wetu walijifunza adabu yake: hawakupiga makofi mpaka ngoma isisikike kabisa. Na kwa kuwa kufungua ngoma na kuzipakia huchukua muda, walinzi wa kumbi zote walinizoea, wakawa wananiachia mimi ufunguo. Nilipokuwa nazungusha kufuli, Kaka alishafika kwake na kuvua viatu.

Mwaka wa nane Mwalimu alikuja mazoezini na santuri aliyoiazima kwa mtu. Ilikuwa na nyimbo tatu za kwenye kanda ya Mjomba. Tukaweka. Wimbo wa kwanza ulikwenda tunavyoujua, ukafika pale unapoanza kufifia, haukufifia. Ulipiga pigo moja kubwa, paa, ukasimama.

Tulitazamana.

"Sahani mbovu hii," Kaka akasema. "Imekatika."

Mwalimu akaweka wa pili. Paa. Akaweka wa tatu. Paa.

"Zote zimekatika," Kaka akasema, akamrudishia santuri yake. "Mwambie mwenyewe aitunze vizuri."

Hakuna aliyebisha. Mabango yalishachapishwa.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Kaka, ndipo yanayofuata yaeleweke. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kutamka neno basi. Mke wake wa kwanza alisema aligundua kwamba ameachwa baada ya miezi mitano. Wa pili, ambaye alikuwa mwerevu zaidi, aligundua baada ya mitatu. Hakuwagombeza, hakuwafukuza, alirudi nyuma kidogo kidogo huku akiimba, mpaka siku moja hayupo. Watu walimlaumu. Mimi nilijua alikojifunzia, kwa sababu nilikuwepo chumbani kanda ile ilipokuwa ikilia.

Sasa goti. Mwaka wa ishirini na nne goti langu la kulia lilianza kuleta maneno. Mchana linakanyaga cherehani, jioni linakanyaga ngoma kubwa, na mimi sikuwa tena msichana. Nikaanza kuchelewa. Si sana, unywele tu, lakini nyumba ni nyumba: wenzangu watano walishaingia na mimi niko mlangoni natafuta ufunguo. Mwalimu alisikia wa kwanza, kwa kuwa anahesabu. Mimi nilijua kabla yake. Mguu ni wangu. Nilisubiri mtu aniambie, na nilikuwa nimeandaa majibu mawili, moja la upole na moja la kukata maini.

Hakuna aliyesema kitu. Ndipo tukaitwa redioni.

Kilikuwa kipindi cha moja kwa moja, Jumamosi saa nne asubuhi, studio ndogo yenye zulia ukutani. Fundi mitambo alikuwa mtu makini sana, na baadaye niliambiwa aliomba likizo. Alitugawia vipaza sauti kwa vipimo, akanivisha mimi visikizi masikioni ili niwasikie wenzangu vizuri. Tukapiga "Fungua Geti". Tulipofika ukingoni tukapunguza, na wenzangu wakaanza kurudi kinyumenyume, wakatoka na mlango wa studio, wakaingia kwenye korido. Kaka alitoka na kipaza sauti chake mkononi kama kawaida, na waya wake ukimfuata kwa nyuma.

Hakuna aliyekuwa amemweleza yule fundi. Alichokiona yeye ni mishale ya mitambo yake ikilala, na kwenye redio kimya ni dhambi. Akadhani kuna kitu kimeungua. Akafungua sauti zote mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa bado napapasa ngoma. Ndipo nikamsikia Kaka kwenye visikizi, karibu utadhani amekaa ndani ya sikio langu.

"Mguu wa Sindano umekwisha."

"Mwambie basi," akajibu Mwalimu. "Ni dada yako."

"Nimwambieje? Tumpunguze. Mwezi huu tumwite mara tatu, ujao mara mbili, halafu hivyohivyo. Atajua mwenyewe polepole."

"Mimi naona umwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi ni besi," Mwalimu akasema.

Kisha Shemeji Mkubwa akauliza choo kiko wapi, na hilo nalo likaenda hewani.

Mikono yangu iliendelea kupiga. Ilishazoea kubaki. Lakini moyoni niliumia, na sitaki kulizunguka. Kuhusu mguu alisema kweli, wala sikuwa na la kubisha. Lililoniuma ni kwamba mimi, niliyelala naye chumba kimoja, niliyesikiliza naye kanda moja, alikuwa amenipangia mwisho uleule aliowapangia wake zake. Yale majibu yangu mawili yote yakanitoka kichwani. Nikavua visikizi, nikavitundika vizuri mahali pake, nikafungua ngoma zangu.

Mji mzima ulisikia. Jumatatu nilipata wateja kumi na tisa. Mmoja alileta shati lisilo na tatizo lolote akaniomba nilikague. Mwingine alileta shuka ipunguzwe. Wote walipokuwa wanazungumza nami walikuwa wanatazama chini ya meza. Bibi mmoja alinipa chupa ya dawa ya kuchua, akasema ilimsaidia marehemu mumewe, na mimi nikamshukuru kwa uso mkavu.

Kaka hakuja. Mtaa wangu ulikuwa kwenye orodha yake, na kila mwezi alikuwa akisoma mita ya kibandani kwangu na kunywa chai. Mwezi ule mita yangu ilisomwa kwa kukadiria.

Mazoezi yalihamishwa kutoka Alhamisi hadi Jumatano, nami nikaambiwa Ijumaa. Kisha Mwalimu akaja na suruali ya kupindwa, akakaa, akahesabu vifungo kwenye kopo langu, na hatimaye akamwaga mtama. Walikuwa wamepata mpiga ngoma mwingine, mstaafu wa bendi ya polisi.

"Hodari?" nikamwuliza.

"Hodari sana. Tatizo anajua kumaliza."

"Kwani hilo ni tatizo?"

"Sisi tukianza kurudi nyuma, yeye anapiga pigo moja, paa, anasimama, anapiga saluti. Sisi tuko katikati ya mlango, Sindano. Shemeji Mdogo ameumia kiwiko." Akarudisha vifungo kwenye kopo. "Kaka yako amemweleza wiki tatu. Mzee akasema kwao mtu akirudi nyuma anashtakiwa. Ameacha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna onyesho la kutimiza miaka ishirini na minne. Ishirini na mitano tungeifikisha mwakani, lakini ukumbi umepatikana mwaka huu. Anauliza kama utakuja."

"Anauliza nani?"

Mwalimu akatazama suruali yake. "Nimetumwa na wote."

Nikamwambia nitakuja. Nikamwambia vilevile kwamba makoti yote sita yako kwangu, miili imeongezeka, na sitoi koti hata moja mpaka kila mtu aje nimpime mwenyewe. Wakaja. Fundi Redio aliongezeka kiunoni, Mashemeji waliongezeka sawasawa kwa sentimita lakini hawakuambizana. Kaka alituma koti lake jingine la zamani nipimie hilo. Nikalirudisha. Akamtuma Mwalimu apimwe kwa niaba yake. Nikamrudisha na Mwalimu.

Alikuja siku mbili kabla ya onyesho. Alibisha hodi kwa kidole kimoja. Nikamsimamisha mbele ya kioo, mikono ameinyoosha, nikambana pini kumi na nne kabla sijasema neno, kwa sababu mtu mwenye pini kumi na nne hakimbii.

"Kaka."

"Naam."

"Una neno la kuniambia?"

Akajitazama kwenye kioo kwa muda.

"Begani panabana," akasema.

"Na jingine?"

"Hii mita yako hapa nje, naona kama kuna mahali inavuja."

"Umeisoma lini?"

Nikatoa pini za mwisho mdomoni, nikaja mbele yake ili asinione kwa kioo.

"Kaka, mimi sigombei kiti. Goti langu nalijua. Nataka uniambie wewe, kwa mdomo wako, hapa usoni pangu, useme basi. Ukisema, nainuka. Ukinipunguza, siondoki. Nitabaki hapo mpaka nyote mzeeke."

Akafungua mdomo. Niliona neno likipanda, likafika kooni, likasimama pale. Macho yake yalijaa maji. Kisha akasema, "Tutaongea, mdogo wangu, tutakaa tuongee," na sauti ikaanza kushuka, "siku moja hivi, tukitulia," na miguu ikaanza kurudi nyuma, "tutaona tu," mpaka akawa nje ya mlango na pini zake zote. Nilimsikia akisema "Ah!" mara mbili kabla hajafika kona.

Nililia kidogo, nikafuta cherehani, na Mwalimu alipolirudisha koti jioni nikalipanua begani. Nilimpenda kaka yangu, na ndiyo sababu hasira haikunitoka.

Onyesho lilikuwa Jumapili saa tisa mchana, katika ukumbi uleule wa shule tulikoanzia. Watu mia tatu, wengi wamezeeka pamoja nasi. Waliokuwa wakiruka sasa walikuwa wakitikisa mabega wakiwa wamekaa. Tulipiga saa mbili. Nilichelewa unywele kwenye nyimbo zote na hakuna aliyelalamika. Wa mwisho ulikuwa "Fungua Geti". Tukafika ukingoni, tukapunguza, na wenzangu wakaanza kurudi. Kaka alikuwa wa mwisho kuingia mlangoni. Aliniangalia, akatazama chini, akaingia.

Nikabaki na ngoma zangu. Watu wakanyamaza, mikono tayari, wakisubiri isisikike.

Nilikuwa nimesema siondoki. Nikapunguza mpaka pale pa kusikika kwa shida, nikakaa hapohapo. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Sikushuka tena. Dakika moja ikapita. Mikono ya watu ikachoka ikashuka mapajani. Dakika tatu. Mtu akakohoa, akaomba radhi. Dakika tano, mwanamke mmoja mstari wa mbele akafungua mkoba wake, akatoa miwani, akanitazama vizuri.

Goti lilikuwa linawaka. Nilifikiria viti viwili vya Mjomba. Nilifikiria msichana wa miaka saba aliyeambiwa kwamba wote huondoka na mmoja hubaki, na hakuuliza kwa nini awe yeye. Nilipaswa kuuliza.

Yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya mlango nilisimuliwa na Mwalimu. Walisimama wote watano kwenye ujia wakisikiliza. Mwalimu alikuwa anahesabu mapigo, alishafika mia saba. Shemeji Mkubwa akamgeukia Shemeji Mdogo, akamwambia kwa mdomo, "Haachi." Shemeji Mdogo akamjibu, "Asiache." Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu mwaka ule wa kugombana. Kaka alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, kichwa mikononi. Kisha akasimama, akakiweka kipaza sauti juu ya kreti, akashika kitasa.

Mlango ukafunguka. Watu wote walimwona Kaka akiingia, na akiingia kwa mbele, uso umetangulia, kama watu wengine wanavyotembea. Akaja mpaka kwenye ngoma. Akainama.

"Sindano."

"Naam." Sikuacha kupiga.

"Mguu wako umekwisha."

"Nilisikia redioni."

"Sasa unasikia kwangu."

Nikasubiri. Nikaona neno lile likipanda tena, likifika palepale kooni, na safari hii akalisukuma.

"Basi," akasema. "Basi, mdogo wangu. Leo ndiyo mwisho wako kupiga na sisi. Nasema mimi, hakunituma mtu. Na sijui nitaimbaje nikigeuka nisikuone." Akalia pale pale bila kujificha, mbele ya watu mia tatu, ndani ya koti lililompwaya kidogo begani.

"Asante," nikamwambia. Nilikuwa nalia pia, lakini mimi nilikuwa na kazi mkononi. "Tunaumalizaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hujawahi kukosa jibu."

Akafikiri, pua anaifuta kwa mkono wa satini niliyoishona siku mbili.

"Tuhesabu manne," akasema. "Tuangukie la kwanza wote. Halafu tusiendelee."

Wenzetu walikuwa wameshaingia, wako ukutani na vyombo vyao. Kaka akainua mkono. Nikapandisha, kidogo, kidogo tena, besi ikaja chini yangu, gitaa likaja, Mashemeji wakavuta pumzi kwa pamoja. Kaka akahesabu kwa sauti ya kwenye mageti: moja, mbili, tatu, nne. Tukaanguka. Sikuchelewa. Nilikanyaga kwa nguvu iliyobaki gotini, na vioo vya ukumbi vikaitikia.

Paa.

Kukawa kimya. Sikuwahi kusikia kimya cha namna ile katika muziki wetu. Vimya vyetu vyote vilikuwa na mtu ndani yake anayeondoka. Hiki hakikuwa na mtu anayeondoka. Sote sita tulikuwepo, tumesimama, tukihema.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa bado wanasubiri.

"Umekwisha," Kaka akawaambia.

"Kweli?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Kweli."

Wakatazamana, kisha yule mwanamke wa mstari wa mbele akasimama, akavua miwani, akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata. Walipiga kwa muda mrefu, lakini nao walimaliza.

Ukumbi ulipobaki mtupu nikaanza kufungua ngoma. Kaka akaniambia nikae. Hakuwa amewahi kufungua ngoma hata moja, wala hakujua skrubu inazungushwa upande upi, akatumia saa nzima na kujibana vidole. Mimi nilikaa mstari wa mbele, goti nimelinyoosha juu ya kiti cha pili, nikimwelekeza kwa kijiti cha ngoma. Alizibeba moja moja mpaka kwenye gari la Fundi Redio. Alirudi akitweta.

Nikampa ufunguo.

Akautazama kama mtu aliyepewa chombo cha kazi ya watu wengine. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, nikichechemea, nikitazama mbele. Nilipofika kwenye lango la shule nilimsikia akihangaika na kufuli. Sikugeuka kumsaidia. Baada ya muda nikasikia mlango umefungwa nyuma yangu, na aliyeufunga si mimi.